Campbell Black: Rubani Aliyeiletea Pwani Njia ya Juu

Sisi watu wa Timbwani hatuinui tena vichwa ndege ipitapo. Uwanja wa Port Reitz uko ng'ambo tu ya maji, na mvumo wa ndege zinazopanda na kushuka umekuwa kwetu sawa na honi ya feri ya Likoni: husikika, ukapita. Lakini marehemu babu yangu mzaa mama, aliyekuwa mchukuzi bandarini Kilindini, hakuuzoea mvumo ule mpaka anaondoka duniani. Alikuwa akiusikia huacha lake, akatoka barazani, mkono juu ya macho, akaitazama ndege mpaka ipotee mawinguni. Kisha hutwambia kuwa zamani ndege zilikuja Mombasa ndani ya makasha, zikashushwa melini kama shehena nyingine yoyote, na kwamba siku hizo ilikuwa ni ndege inayopanda gari la moshi kwenda bara. Sisi wajukuu tukicheka. Tulidhani mzee anatupigia porojo.

Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kusoma habari za ndege ziitwazo De Havilland 51, nikamwomba babu radhi kaburini. Mwezi wa Septemba, 1925, ndege moja ya namna hiyo iliteremshwa Mombasa kutoka Uingereza. Mwenyewe alikuwa mlowezi aitwaye John Carberry, tajiri wa mashamba ya Nyeri. Ikachukuliwa bara, ikaunganishwa, na mwezi wa Aprili, 1926, ikaruka. Mwaka 1928 ikaingia mikononi mwa kijana mmoja na wenzake, wakaiita Miss Kenya, na ikawa ndege ya kwanza kuandikwa katika daftari la ndege la Kenya. Kijana huyo ndiye ninayetaka kumweleza leo. Jina lake Tom Campbell Black.

Amezaliwa Brighton, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, mwaka 1899. Baba yake alikuwa mtu wa cheo katika mji ule, akafikia kuwa meya. Vita Vikuu vya kwanza vilimkuta bado kijana, akaingia kikosi cha ndege cha jeshi la wanamaji, na huko ndiko alikojifunza urubani. Vita vilipokwisha akafanya kama walivyofanya maofisa wengi wa Kiingereza wa wakati ule, akaja Kenya kulima katika ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa. Kilimo lakini hakikuwa ndicho kilichomkaa moyoni. Alikwisha kuionja hewa ya juu, na mtu aliyeionja hiyo ni kama baharia wetu aliyekwisha safiri msimu mmoja: mweke dukani, mpe jembe, macho yake yako kwenye upepo.

Wapenda vitabu vya kale watanikumbusha kwamba tamaa hii ya kuruka si ya Wazungu wa juzi. Naam. Abbas ibn Firnas wa Kurtuba, katika nchi ya Andalusi ambayo leo ni Hispania, alikwisha jivika manyoya na mabawa karne ya tisa, akajitupa hewani. Wapokezi wanasema aliruka kitambo, na kilichomvunja mgongo ni kutua, kwa kuwa hakujitilia mkia kama wa ndege. Naliweka neno hili hapa kwa sababu nitalihitaji mbele.

Turudi Nairobi. Mwaka 1929 Campbell Black alikuwa na ujuzi na hakuwa na mali. Mwenye mali alikuwa mama mmoja mjane, Bibi Florence Kerr Wilson, ambaye mumewe, Meja Wilson, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Bibi huyu hakuwa kijana. Alikuwa amepindukia makamo. Rafiki zake, bila shaka, wangemshauri anunue nyumba au ng'ombe. Yeye akaziweka fedha zake kwenye mabawa ya mbao na kitambaa. Mwezi wa Julai, 1929, ikaanzishwa kampuni ya Wilson Airways, Campbell Black akiwa meneja na rubani mkuu.

Hapa nakiri ujinga wangu. Mara ya kwanza kupita kwenye Uwanja wa Wilson, Nairobi, nilipokuwa nikienda Lamu kwa kindege kidogo, niliamini kabisa kuwa huyo Wilson alikuwa mwanamume, gavana au jenerali fulani. Niliwauliza abiria wenzangu watatu, nao wote wakadhani vivyo hivyo. Kumbe uwanja huo, mmoja wa viwanja vyenye shughuli nyingi mno za ndege ndogo katika Afrika, ulipewa mwaka 1962 jina la mjane aliyethubutu.

Na kuthubutu kwenyewe kulikuwa kwa kweli. Ndege walizoanza nazo zilikuwa za namna ya Gipsy Moth. Ni viti viwili tu, kimoja nyuma ya kingine, na juu hapana paa. Mbawa zake ni ghorofa mbili, mbao zilizovikwa kitambaa kilichopakwa rangi, nazo hukunjwa nyuma zikatiwa bandani kama mwavuli. Mwendo wake maili themanini au tisini kwa saa upepo ukiwa mwema. Redio hapana. Rubani akitaka kusema na abiria wake husema ndani ya mrija. Akitaka kujua yuko wapi hutazama chini. Kutoka Nairobi kuja kwetu alifuata reli, kama vile nahodha wa jahazi anavyofuata ufuo asiuache mbali: Athi, Makindu, Mtito Andei, Voi, kisha jangwa la Taru, hata minazi ionekane na nyuma yake bahari. Injini ikizima njiani, basi ni kutafuta mahali patupu pa kushukia, na katika nyika ile mahali patupu ni pachache na wanyama ni wengi.

Lakini gari la moshi lilichukua usiku mzima na zaidi kutoka Mombasa mpaka Nairobi, na ndege ilichukua saa tatu au nne. Hapo ndipo palipokuwa na biashara. Campbell Black alikuwa miongoni mwa waliozipima njia za kushukia Pwani, na miaka ya mwanzo ya 1930 ndege za Wilson zikawa zinachukua barua na abiria kutoka Nairobi kuja Mombasa, kisha Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Watu ambao jamaa zao wako Unguja walizoea kungoja meli au jahazi na kumwachia Mola mengine. Sasa barua ikaweza kuandikwa Mombasa na kusomwa Unguja kabla wino haujapauka. Sisemi kwamba ni baba zetu waliopanda. Nauli ilikuwa ya walowezi, maofisa na matajiri. Wa kwetu walikuwa wale waliofyeka viwanja kwa panga na jembe, wakang'oa visiki, wakavingirisha mapipa ya petroli, wakaishika ndege mbawa upepo wa kusi ulipovuma isije ikabiruka. Nimesoma vitabu vingi vya habari hizi nikitafuta walau jina moja la mtu wa kazi ile.

Nitatoa jina moja, lakini si la furaha. Tarehe 14 Mei, 1931, Denys Finch Hatton, Mwingereza mwindaji aliyekuwa na nyumba pwani ya Takaungu, aliondoka kiwanja cha Voi na Gipsy Moth yake. Ndege ilizunguka kidogo, ikaanguka, ikawaka moto. Watu hulia kwa ajili ya Finch Hatton mpaka leo, na filamu imetengenezwa. Pamoja naye alikuwamo mtumishi wake, Mkikuyu aitwaye Kamau, naye aliteketea vilevile. Kwa Kamau vitabu vingi vina mstari mmoja.

Habari hiyo inamgusa Campbell Black. Wakati ule alikuwa anamfundisha urubani Bibi Beryl Markham, binti aliyekulia Njoro katika shamba la baba yake. Finch Hatton alikuwa amemwalika Beryl waende wote Voi kutazama tembo kutoka juu. Mwenyewe ameandika katika kitabu chake kwamba Campbell Black alimwomba asiende siku ile, wala hakuwa na sababu ya kueleza. Moyo wake tu haukutaka. Beryl akabaki. Wapo watakaosema ni bahati. Sisi tunasema siku yake ilikuwa haijafika, tukaendelea na mazungumzo.

Nimependa namna alivyomfundisha mwanamke yule. Hakuwa mwalimu wa kelele. Siku moja Beryl aliielekeza ndege kwenye vilima vya Ngong asijue kuwa upepo nyuma ya vilima husukuma chini kama mkono. Ndege ikakataa kupanda. Vilima vikakaribia. Campbell Black, aliyekuwa na usukani wake wa pili, akanyamaza kimya mpaka mwanafunzi ameona kwa macho yake mwenyewe kosa linavyofanana, ndipo akaishika ndege akaigeuza. Mwalimu wangu wa chuoni, Mungu amrehemu, alikuwa kinyume chake: fimbo ilitangulia kosa. Huyo Beryl akaja kuwa rubani wa kujitegemea, akiruka kwa malipo katika Kenya yote.

Mwaka huohuo wa 1931 likatokea tukio lililomtangaza Campbell Black Ulaya. Mjerumani Ernst Udet, aliyekuja Afrika Mashariki kupiga picha za filamu kwa ndege, alikuwa akirudi kwao kupitia Sudan. Akapotelea kwenye mabwawa ya Mto Naili, ile nchi ya mafunjo na mbu ambamo mtu hupita bila kuonekana hata kwa aliye juu. Udet hakuwa mtu wa kawaida. Katika Vita Vikuu alikuwa ameangusha ndege 62 za maadui, na hao maadui walikuwa ni Waingereza na wenzao, watu wa upande wa Campbell Black. Vita vilikuwa havijatimiza miaka kumi na mitatu tangu kwisha. Campbell Black akaruka kumtafuta, akamwona, akamwokoa. Mimi tendo hili nalihesabu zaidi ya zawadi zote alizopata baadaye. Udet akaishi miaka kumi mingine, akawa jenerali wa jeshi la anga la Hitler, na mwaka 1941 akajiua mwenyewe.

Mwaka 1932 Campbell Black aliiacha Wilson Airways, akarudi Uingereza kuwa rubani wa tajiri mmoja, Lord Furness. Naona aliondoka kampuni ikiwa imesimama kwa miguu yake, wala hapakuwa na ugomvi ninaoweza kuusimulia. Bibi Wilson aliendelea. Ndege zikaongezeka, zikawa kubwa, zenye injini mbili na paa. Mwaka 1937 zikaanza kuja ndege za majini za Imperial Airways kutoka Uingereza mpaka Durban, nazo zilitua Kisumu ziwani, kisha kwetu Mombasa, kisha Dar es Salaam na Lindi. Babu alikuwa akiigiza kwa mikono miwili jinsi zilivyoyagusa maji na kuyapasua, watoto wa Likoni wakikimbia ufuoni kuziwahi.

Sasa nije kwenye mashindano. Mji wa Melbourne, Australia, ulikuwa ukitimiza miaka mia moja mwaka 1934. Tajiri wa huko aliyetengeneza peremende na chokoleti, MacPherson Robertson, akatoa zawadi ya pauni elfu kumi kwa rubani atakayetangulia kufika kutoka Uingereza. Ni safari ya maili zaidi ya 11,000. Kiwanda cha De Havilland kikaunda ndege tatu mahsusi za shindano lile, ziitwazo Comet, nyembamba kama ngalawa, zenye injini mbili na matangi ya petroli yaliyojaza pua nzima, hata rubani haoni mbele vizuri. Moja ilipakwa rangi nyekundu, ikaitwa Grosvenor House kwa jina la hoteli ya London, kwa kuwa mkuu wa hoteli ile ndiye aliyeinunua. Marubani wake walikuwa C. W. A. Scott na Tom Campbell Black.

Tarehe 20 Oktoba, 1934, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndege ishirini zikaanza kuondoka kiwanja cha Mildenhall. Wawili hawa wakaelekea Baghdad. Mji wa Harun Rashid, ambao msafiri wa zamani aliufikia baada ya miezi, wao waliufikia kabla jua halijawachia tena. Mbele yao walikuwa mke na mume, Jim na Amy Mollison, katika Comet nyingine. Wale walivunjikiwa na injini Allahabad, Bara Hindi, wakatoka mashindanoni. Nyekundu ikapita mbele. Singapore ikapitwa. Kisha, juu ya bahari ya Timor, baina ya visiwa na Australia, oili ikapungua nguvu katika injini ya kushoto.

Fikiria hali yao. Siku mbili hawakulala. Chini ni bahari tupu, ndege si ya maji. Injini ile wakiilazimisha itakufa, wakiizima kabisa watategemea moja. Wakaipunguza, wakaibembeleza, wakaingia Darwin. Mafundi wakaitazama. Wakaondoka tena na injini mbovu vilevile, wakapita Charleville, na tarehe 23 Oktoba wakaikata mwisho Melbourne. Saa sabini na moja kasoro dakika chache tangu Mildenhall. Hapana mtu aliyekuwa amewahi kwenda kutoka Uingereza mpaka Melbourne kwa siku chini ya tatu.

Waliofuata nyuma yao walikuwa Waholanzi wa KLM katika ndege ya abiria, iliyopotea usiku katika dhoruba mpaka watu wa mji mdogo wa Albury wakatoka na magari yao, wakazipanga taa zake kwenye uwanja wa mbio za farasi ili ipate kushuka. Mimi lau ningekuwa mwamuzi, ningekata kipande cha zawadi nikawapa watu wa Albury.

Mwaka 1935 Campbell Black akaoa, mkewe akiwa mwigizaji maarufu wa London, Florence Desmond. Mwaka huohuo akachukua Comet nyingine, Boomerang, pamoja na rubani McArthur, akitaka kuvunja rekodi ya kwenda Cape Town. Mwezi wa Septemba, juu ya Sudan, rafadha zikaharibika. Wakajitupa na miavuli yao usiku, wakashuka salama jangwani. Ndege ikaenda ikaanguka peke yake. Mtu huyu basi alikuwa ameokoka vitani, ameokoka nyika ya Taru, ameokoka Timor, ameokoka jangwa la Sudan.

Mwaka 1936 yakatangazwa mashindano mengine, kutoka Portsmouth hadi Johannesburg, yaanze tarehe 29 Septemba. Campbell Black akapewa na tajiri wa Liverpool, John Moores, ndege ndogo ya mtu mmoja aina ya Mew Gull, ikaitwa Miss Liverpool. Mapema mwezi ule mwanafunzi wake Beryl alikuwa amemtangulia kwa sifa: tarehe 4 aliondoka Uingereza peke yake, akavuka bahari ya Atlantiki kwa upande wa magharibi, upande wa kushindana na upepo, akaanguka kwenye matope ya Nova Scotia akiwa hai. Ndege aliyoazimwa ilikuwa ya John Carberry, yuleyule aliyeileta ndege ya kwanza kwenye makasha Mombasa.

Tarehe 19 Septemba Campbell Black alikuwa katika kiwanja cha Speke, Liverpool, kuionyesha ndege yake mpya kwa watu wa mji ambao jina lake imebeba. Hakuwa angani. Alikuwa akitembeza ndege juu ya nyasi, polepole, kama mtu anayetoa gari uani. Ndege ya jeshi ikawa imetua wakati uleule na inakuja upande wake. Pua ndefu za ndege za siku zile zilimziba rubani asione mbele akiwa chini. Huyu hakumwona yule, wala yule huyu. Rafadha ya ndege ya jeshi ikaingia ubavuni mwa Miss Liverpool, pale hasa alipokaa. Akafariki muda mfupi baadaye. Alikuwa na miaka 36. Ibn Firnas angalau alikuwa ametoka hewani.

Mashindano yenyewe yalifanyika siku kumi baadaye. Ndege tisa ziliondoka Portsmouth, ikafika Johannesburg moja tu, ya C. W. A. Scott, mwenzake wa Melbourne, pamoja na rubani kijana Giles Guthrie.

Wilson Airways iliishi mpaka vita vya 1939, ndege na marubani wake wakachukuliwa kwa kazi ya jeshi, kampuni ikafungwa. Mwaka 1946 ikaja East African Airways, ambayo wengi wenu mmeipanda kabla ya kuvunjika kwake mwaka 1977. Mama yangu aliipanda mara moja kwenda Unguja arusini, akarudi na jahazi kwa hiari yake.

Kwa jina la Campbell Black hapana uwanja wala barabara ninayoijua katika Kenya. Lakini Miss Kenya, ile iliyoshushwa Kilindini mwaka 1925, ilirudishwa Uingereza mwaka 1965, ikatengenezwa, ikaruka tena. Iko katika kijiji cha Old Warden, kwenye makumbusho ya ndege za kale, na katika makumbusho hayohayo iko Comet nyekundu ya Melbourne, nayo imetengenezwa ikaruka. Katika siku za kiangazi zenye upepo mwanana, hutolewa bandani zikawashwa.